Mwaka 1978 na Maji ya Mwezini: Historia Fupi Kutoka Guangzhou



Leo naomba niseme kidogo juu ya jambo ambalo huku ninakoishi linachukuliwa kuwa kazi ya kawaida ya maabara, ila kwetu likitajwa watu hucheka wakadhani ni soga za barazani. Nalo ni kupata maji kutoka katika udongo wa mwezini kwa kuupasha moto kwa maikrowevu, yaani kwa mawimbi yale yale yanayopasha ubwabwa wa jana jikoni kwako. Najua wengi wenu mnaijua Guangzhou kwa mambo mengine. Wenzetu wa Dar, Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Kampala wakija hapa wanafikia Xiaobei, wanatafuta vigae, nguo, simu na taa, wanajaza kontena, wanarudi. Mimi kazi iliyonileta ni ya chaki na ubao. Nafundisha historia ya sayansi, na shahada ya uzamivu niliifanya Ulaya kabla riziki haijanivuta huku. Mimi si mwanajiolojia wala mhandisi. Nayatazama mambo haya kwa jicho la mtu wa historia.

Na jicho hilo linaona hivi. Maji ya mwezini hayakugunduliwa siku moja na mtu mmoja. Yalionekana, yakakataliwa, yakaonekana tena, yakakataliwa tena, mpaka yakaja kukubaliwa. Mwezi wenyewe haukubadilika hata kidogo katika muda wote huo. Kilichobadilika ni nani alikuwa na udongo mkononi, nani alikuwa na chombo cha kuupima, na nani akisema anasikilizwa. Hapo ndipo historia hii inapotuhusu sisi.

MWEZI ULIOHUKUMIWA KUWA MKAVU

Kati ya 1969 na 1972 Wamarekani walitua mwezini mara sita katika safari za Apollo, wakarudi na mawe na udongo wa jumla ya kilo 382 hivi. Wataalamu wakapima, na hukumu ikatoka: Mwezi ni mkavu, mkavu kuliko jangwa lolote duniani. Hukumu hii iliingia katika vitabu vya shule na ikakaa humo kwa karibu miaka arobaini.

Lakini hebu tuangalie kesi ilivyosikilizwa. Chembe za maji zilionekana katika baadhi ya sampuli za Apollo. Zikaelezwa kuwa ni unyevu wa Houston, kwamba masanduku hayakufunga vizuri na hewa ya dunia ikapenya. Machi 1971 chombo kilichoachwa mwezini na Apollo 14 kilinusa mvuke wa maji. Wengi wakasema huo ni uchafu uliotoka katika vyombo vya wanaanga wenyewe. Apollo 16 ikaleta jiwe lenye kutu, na kutu kila fundi wa baiskeli anajua inatokana na nini. Nayo ikasemekana kwamba unyevu wake ni wa huku huku duniani. Simaanishi kwamba wataalamu wale walikuwa wajinga. Tahadhari ni sehemu ya sayansi, na uchafu wa maabara ni jambo la kweli kabisa. Nasema tu kwamba ushahidi ukija dhidi ya imani iliyokwisha kukaa, mzigo wa kuthibitisha humwangukia ushahidi peke yake, na imani hukaa pembeni imekunja nne.

Isitoshe, kwa nadharia jambo lilikwisha kusemwa. Mwaka 1961, kabla hata ya Apollo, Watson, Murray na Brown wa Marekani waliandika kwamba katika ncha za Mwezi kuna mashimo ambayo jua halifiki ndani yake kamwe, na kwamba barafu ikishaingia humo inaweza kukaa kwa mamilioni ya miaka. Walipiga hesabu tu, kwani kwenda hakukuwa na aliyekwenda.

Sasa tuje kwa Warusi. Agosti 1976 chombo cha Kisovieti kilichoitwa Luna 24 kilitua mahali paitwapo Mare Crisium, kikachimba karibu mita mbili kwenda chini, kikarudi na gramu 170 za udongo. Mwaka 1978 wanasayansi wa Moscow walichapisha matokeo katika jarida la jiokemia. Walikuwa wamemulika udongo ule kwa mionzi ya infraredi wakaona alama ya maji, kiasi cha asilimia 0.1 ya uzito, na alama ile ilizidi kadiri walivyopima udongo wa kina zaidi. Hilo la kina ni muhimu, kwa sababu kama ungekuwa unyevu wa hewa ya dunia usingejipanga kwa kina.

Kilichofuata ni kimya. Kwa miongo mitatu karibu hakuna mtaalamu wa Magharibi aliyeinukuu makala ile. Msomi akija kuniambia kwamba Kiswahili hakisikilizwi kwa kuwa sisi ni maskini, humkumbusha kwamba Kirusi kilikuwa lugha ya dola lenye makombora na vituo angani, na bado makala yake ililala kabatini. Kumbe kusikilizwa kuna mambo mengine ndani yake.

MAJI YANAPOKUBALIWA

Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1990. Mwaka 1994 chombo cha Marekani kiitwacho Clementine kilipeleka mawimbi ya redio katika ncha ya kusini ya Mwezi na mwangwi wake ukatia watu shaka kwamba kuna barafu. Mwaka 1998 Lunar Prospector ikapima hidrojeni nyingi katika ncha zote mbili. Ila hidrojeni peke yake si maji, kwa hiyo ubishi ukaendelea.

Mwaka 2008 timu ya Alberto Saal wa Chuo Kikuu cha Brown ilichukua vijiwe vya kioo cha volkano vilivyoletwa na Apollo, vile vile vilivyokaa kabatini zaidi ya miaka thelathini na tano, ikavipima kwa chombo kikali zaidi, ikakuta maji ndani yake. Udongo ulikuwa ni ule ule. Jicho ndilo lililokuwa jipya.

Mwaka 2009 ndio uliomaliza ubishi. Septemba yalitangazwa matokeo ya Chandrayaan-1, chombo cha India kilichobeba kipimo cha Marekani: sura ya Mwezi ina alama za maji na haidroksili karibu kila mahali, ingawa ni kidogo mno. Kisha tarehe 9 Oktoba 2009 Wamarekani waliligongesha kwa makusudi gamba tupu la roketi katika shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini, na katika vumbi lililoruka wakaona takriban kilo 155 za maji ya mvuke na barafu. Walikadiria kwamba udongo wa pale una maji kiasi cha asilimia 5.6 ya uzito wake, wakikiri kwamba makadirio hayo yanaweza kuzidi au kupungua karibu kwa nusu. Chukua hesabu ya katikati: tani moja ya udongo ina kilo 56 za maji, zaidi ya ndoo mbili kubwa.

Mtu atauliza, ndoo mbili za nini jamani? Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Jahazi halikufika Uarabuni kwa upepo peke yake, lilifika kwa maji yaliyokuwa ndani ya mapipa, na mji wenye visima vya maji baridi ndio nahodha aliopenda kutia nanga. Mwezini mambo ni hayo hayo. Maji ni ya kunywa, lakini pia ukiyatenganisha kwa umeme unapata oksijeni ya kupumua na hidrojeni, na viwili hivyo pamoja ni mafuta ya roketi. Mwenye kisima katika ncha ya kusini atakuwa na bandari. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kuumiliki Mwezi, lakini Marekani mwaka 2015 ilipitisha sheria inayowapa raia na makampuni yake haki juu ya mali watakayoichimba huko. Kwa maneno mengine kisima si chako, ila maji ukishayachota ni yako. Wanasheria waliomo humu wanaweza kutuambia tofauti hiyo inakaa wapi.

KUTOKA JIKONI KWENDA MWEZINI

Sasa maji yenyewe yanachotwaje? Hapo ndipo inapoingia maikrowevu.

Chombo kinachotoa mawimbi haya kinaitwa magnetroni. Randall na Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliunda magnetroni yenye nguvu mwaka 1940, wakati wa vita, kwa ajili ya rada za kusaka ndege za Wajerumani. Mwaka 1945 mhandisi wa Kimarekani Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Raytheon, aligundua kwamba mawimbi hayo yanapasha chakula, na mwaka 1947 tanuri la kwanza la kuuzwa likatoka, kubwa kama kabati. Chombo cha vita kikaingia jikoni.

Kwa nini mwezini wasitumie moto wa kawaida, au hita? Kwa sababu udongo wa mwezini ni vumbi laini lililolala ndani ya ombwe. Hakuna hewa kati ya chembe na chembe, kwa hiyo joto halisafiri. Unaweza kuuchoma juu mpaka ung'ae na sentimita chache chini yake bado ni baridi kama ulivyoukuta. Ni sawa na kulala juu ya godoro zuri la pamba, joto la mwili wako halifiki sakafuni. Maikrowevu haingoji joto lisafiri. Mawimbi yanapenya ndani ya udongo na joto linazaliwa humo humo. Na ukitumia mawimbi marefu zaidi unafika chini zaidi, bila kuchimba.

Kuna jambo hapa linalowachanganya watu, hata wasomi. Jikoni tumezoea kusema kwamba maikrowevu hupasha maji yaliyomo ndani ya chakula. Ni kweli, maji ya majimaji huyameza mawimbi vizuri sana. Lakini barafu sivyo. Molekuli zake zimefungwa, hazichezi, na mawimbi ya kawaida ya jikoni, yale ya gigahezi 2.45, hupita ndani ya barafu karibu bila kuigusa. Mwezini, basi, maji hayajipashi yenyewe. Udongo ndio unaoyameza mawimbi, unapata joto, na barafu iliyoshikamana nao inapashwa na udongo. Kwa kuwa pale hakuna shinikizo la hewa, barafu haipiti hatua ya kuwa majimaji, inageuka mvuke moja kwa moja. Mvuke unapenya katikati ya chembe za udongo unapanda juu, na huko inawekwa bamba la baridi ugande tena. Kazi ya kwanza imeisha hapo, inabaki kukwangua barafu.

Kwamba udongo wa mwezini huyameza mawimbi haya lilionyeshwa na Larry Taylor wa Chuo Kikuu cha Tennessee. Yeye na mwenzake Thomas Meek waliandika juu yake mwaka 2005. Taylor aliwahi kutia udongo halisi wa Apollo katika tanuri la maikrowevu la kawaida, na kwa wati 250 tu ukayeyuka ndani ya nusu dakika. Siri ni chuma. Upepo wa jua na vimondo vidogo vidogo vimeipiga sura ya Mwezi kwa mabilioni ya miaka, na vimeacha juu ya kila chembe vitone vya chuma tupu, vidogo kiasi kwamba hupimwa kwa nanomita. Vitone hivyo hushika mawimbi kwa nguvu.

Baada yake Edwin Ethridge na William Kaukler, katika kituo cha NASA cha Huntsville, Alabama, walifanya kazi ya maji yenyewe. Walitengeneza udongo wa kuigiza, wakautia maji, wakaugandisha, wakauweka ndani ya ombwe na kuumulika kwa maikrowevu. Katika dakika chache sehemu kubwa ya maji ikatoka, na karibu yote yaliyotoka wakayanasa kwenye baridi. Uingereza nako, Open University wameendelea na kazi ya namna hii kwa miaka ya karibuni.

Msije mkadhani yote ni laini. Aliyewahi kuyeyusha nyama iliyoganda ndani ya maikrowevu anajua kero yake: pembeni imeshaiva, katikati bado ni jiwe. Udongo wa mwezini una tabia hiyo hiyo, tena mbaya zaidi, kwani unapopata joto unazidi kumeza mawimbi, na palipotangulia kupata moto panazidi kuwa moto. Ukizembea unapata kioo kilichoyeyuka upande mmoja na barafu isiyoguswa upande wa pili. Tena mvuke ukishatoka unaweza kukimbilia udongo baridi wa jirani ukaganda humo badala ya kupanda juu. Na umeme wa kuendesha haya yote utatoka wapi, ndani ya shimo lisilofikiwa na jua, ambako baridi inapita nyuzi 200 chini ya sifuri?

GRAMU MOJA YA 1978

Turudi Guangzhou, maana sijaeleza bado mji huu unaingiaje.

Nimetaja 1978, mwaka ambao makala ya Warusi ilichapishwa na kupuuzwa. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Brzezinski, mshauri wa Rais Carter, alikuja Beijing na zawadi kutoka Marekani: kipande cha jiwe la mwezini kilicholetwa na Apollo 17, uzito wake gramu moja. Kilikuwa kama punje ya soya, kimefungwa ndani ya kioo kinachokikuza kikaonekana cha maana. Nusu ilikwenda kuonyeshwa kwa wananchi katika jumba la sayari la Beijing. Nusu nyingine, yaani nusu gramu, alipewa Ouyang Ziyuan na wenzake wa taasisi ya jiokemia iliyokuwa Guiyang, kusini-magharibi mwa China.

Nchi ilikuwa maskini, ndiyo kwanza inatoka katika Mapinduzi ya Utamaduni. Lakini watu wale walikuwa wamekwisha kujifunza kwa kupima vimondo, hasa mvua kubwa ya vimondo iliyoanguka Jilin mwaka 1976. Nusu gramu ilipofika ilikuta mikono iliyo tayari. Waliandika makala nyingi kutokana nayo, wakatambua imetoka safari ipi, na wakazaa wanafunzi. Ouyang ndiye baadaye aliyekuja kuwa mwanasayansi mkuu wa mwanzo wa mpango wa Mwezi wa China, ule uitwao Chang'e kwa jina la mwanamke wa hadithi zao anayeishi mwezini.

Taasisi ile ya Guiyang mwishoni mwa miaka ya 1980 ilifungua tawi hapa Guangzhou, na miaka ya 1990 tawi likawa taasisi kamili ya jiokemia, chini ya Chuo cha Sayansi cha China, katika wilaya ya Tianhe. Haiko mbali na masoko wanakonunua ndugu zetu.

Na kuna 1978 ya tatu. Mwaka huo, Shunde, kusini kidogo ya Guangzhou, Liang Qingde alianzisha kiwanda cha kusafisha manyoya ya bata. Mwaka 1992 kiwanda hicho kikaingia katika kutengeneza maikrowevu, na leo kinajulikana kwa jina la Galanz, mmoja wa watengenezaji wakubwa kabisa wa maikrowevu duniani. Iliyoko jikoni kwako, angalia nyuma yake: kuna uwezekano mkubwa imetoka katika jimbo hili la Guangdong. Kwa hiyo magnetroni inatengenezwa katika jimbo lile lile ambamo udongo wa mwezini unapimwa. Sidai kwamba mmoja alimpangia mwenzake. Nasema tu kwamba maarifa na viwanda vilikua pamoja, mwendo wa saa moja kutoka kimoja hadi kingine.

Mavuno yake tumeyaona. Tarehe 1 Desemba 2020 Chang'e-5 ilitua Oceanus Procellarum, na katikati ya mwezi huo ikarudi na gramu 1,731. Kutoka zawadi ya gramu moja hadi kwenda kuchukua mwenyewe ni miaka arobaini na miwili. Januari 2022 ilichapishwa kwamba pale chombo kilipotua udongo una maji, hasa kwa umbo la haidroksili, kiasi cha sehemu 120 kwa milioni. Hiyo ni gramu 120 kwa tani, nusu glasi. Nusu glasi kwa tani nzima haikati kiu ya mtu, na ndiyo maana kila mmoja anaitazama ncha ya kusini. Agosti 2024 timu ya Ningbo ikaonyesha njia nyingine: ukiupasha udongo wa Chang'e-5 zaidi ya nyuzi 900, hidrojeni iliyofichwa na upepo wa jua hukutana na oksijeni iliyomo katika madini ya chuma, na maji yanazaliwa upya, miligramu 51 hadi 76 kwa kila gramu. Wao walitumia vioo vya kukusanya mwanga, hawakutumia maikrowevu. Julai 2025 timu ya Shenzhen, humu humu Guangdong, ikaonyesha namna ya kutoa maji katika udongo huo kwa joto la mwanga na kuyatumia hapo hapo pamoja na hewa ya ukaa ili kupata oksijeni na viungo vya mafuta. Mashindano kati ya mwanga na maikrowevu bado hayajaisha. Kwa maoni yangu katika mashimo yasiyo na jua maikrowevu ina hoja, kwani kioo cha kukusanya mwanga gizani ni pambo tu.

Juni 2024 Chang'e-6 ikarudi na gramu 1,935.3 kutoka upande wa Mwezi tusiouona, wa kwanza katika historia. Taasisi ya hapa Guangzhou, chini ya Xu Yigang, ilipima mawe yake ya volkano na kupata umri wa miaka bilioni 2.83. Mwaka 2025 ikatangaza kuona ndani yake mabaki ya aina ya kimondo chenye maji mengi, aina adimu sana hapa duniani. Habari hiyo inagusa swali kubwa, kwamba maji ya Mwezi, na pengine sehemu ya maji yetu, yaliletwa na nini.

NA SISI JE?

Mwaka huo wa 1978 mimi nilikuwa mtoto mdogo, na nchi yangu Tanzania ilikuwa inaingia vitani Kagera. Kila nchi ina 1978 yake. Lakini tusijitetee kwa kusema anga za juu hazijawahi kutufikia.

Zilitufikia mapema. Wazee wa Unguja wanakumbuka mtambo wa Tunguu, uliojengwa na Wamarekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya mradi wa Mercury. Februari 20, 1962, John Glenn alipoizunguka dunia alizungumza na kituo cha Zanzibar. Wapo walioandamana kuupinga wakihofia ni kambi ya makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ukafungwa. Kenya nako, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Waitaliano na Wamarekani walirusha satelaiti tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na wakaiita kwa neno letu wenyewe, Uhuru. Iliandika historia katika elimu ya mionzi ya eksirei.

Kwa hiyo tulitoa ardhi, tukatoa bahari, tukatoa hata jina. Wenye mitambo walipoondoka Tunguu, kilichobaki ni kumbukumbu na ubishi wa kisiasa. Guiyang walipewa nusu gramu wakabaki na shule. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuijadili, bila kutukanana na bila kurudi kwenye vyama.

Swali hili lina haraka yake. China ilifungua milango ya kuomba sampuli za Chang'e-5, na Aprili 2025 ikatangaza taasisi saba za nchi sita zilizokubaliwa: Ufaransa, Ujerumani, Japani, Pakistani, Uingereza na Marekani. Pakistani imo. Afrika haimo. Sijui waliomba wangapi kutoka kwetu, na sitaki kumlaumu yeyote. Lakini mpewa hupewa akiwa na kitu cha kufanyia, na hapo ndipo nasema kazi inaweza kuanza bila gramu hata moja ya Mwezi.

Udongo wa kuigiza wa Wamarekani, ule uitwao JSC-1, ulitengenezwa kwa majivu ya volkano ya Arizona. Wa Wachina, CAS-1, ulitokana na mawe ya volkano ya Jilin. Sisi tuna Bonde la Ufa zima, Arusha, Naivasha, Virunga, tuna mawe ya basalti ya kujengea barabara. Mwanafunzi wa shahada ya pili wa Dar, Nairobi au Makerere akisaga basalti, akaichanganya na maji kwa asilimia inayojulikana, akaigandisha, akaiweka ndani ya chombo kilichonyonywa hewa na kuimulika kwa maikrowevu ya kupima nguvu yake, anaweza kupima maji yanatoka kwa kasi gani. Hatakuwa na vile vitone vya chuma tupu, na itabidi aseme hivyo wazi katika tasnifu yake, au aongeze unga wa chuma na kulinganisha. Mambo ya kupima ni mengi na vifaa si vya ajabu. Ouyang alianza na vimondo vilivyoanguka shambani.

La mwisho ni la lugha, nalijua litazua mjadala. Makala ya Luna 24 inatufundisha kwamba kuandika peke yake hakutoshi, lazima awepo wa kusoma na wa kuendeleza. Wachina wanaandika kwa Kichina na kwa Kiingereza pia, nyumbani na nje kwa wakati mmoja. Sisi tunaandika kwa Kiingereza ambacho nyumbani hakisomwi na wengi, kisha tunalalamika kwamba vijana hawapendi sayansi. Nimejitahidi hapa kueleza magnetroni, ombwe na haidroksili kwa Kiswahili, na nadhani hakuna aliyekwama. Kama kuna aliyekwama aseme, turekebishe pamoja, ndiyo kazi yetu.

Walioko vyuoni nyumbani, hasa idara za jiolojia na fizikia, nawaomba mjibu: nani anayo pampu nzuri ya ombwe, na nani yuko tayari kumsimamia mwanafunzi mmoja? Mimi nikiwa hapa naweza kusaidia kutafuta makala za Kichina na kuzieleza. Chang'e-7 imepangwa kwenda ncha ya kusini mwaka 2026 kutafuta barafu, na foleni ya kuomba udongo utakaoletwa miaka ijayo itaanza kupangwa na wale ambao leo wanajizoeza kwa udongo wa kuigiza.

Naomba kutoa hoja.

Wasalaam,
Guangzhou